Mtia Dawa wa Kisima cha Njia ya Pandharpur

Mtia dawa wa kisima hiki hutangulia kunuka kabla hajaonekana. Vidole vimemchujuka kwa klorini, na mahujaji wanaokwenda hekaluni Pandharpur kwa miguu hudai masharubu yake yanaweza kuua minyoo peke yake. Neno lake ni lilelile: "Ngoja, Mauli, dawa ifanye kazi!" Mauli ni mama, na njiani humu kila mtu ni mama, hata yeye na masharubu yake.

Bibi Sakhubai alikwishamjulia. Katika msafara huu ukiinamiwa miguuni, nawe huna budi kuinama. Basi humwinamia, naye akiwa chini, bibi hupiga mafunda ya haraka ya maji ndooni kabla hayajatiwa dawa. Mwaka jana tumbo lilimwendesha, akafikishwa Pandharpur kwa gari la ng'ombe, akawalaumu wapika dengu. Mwaka huu akainama tena. Mtia dawa naye akainama, paji likagusa vumbi. Sakhubai akagugumia, uso ukamkunjamana.

"Ptuu! Mbona yananuka dawa?"

"Nimeyatia tangu alfajiri, nilijua utapita," sauti ikajibu kutoka miguuni pake. "Kunywa tu, Mauli. Bado nimeinama."