Fundi Aliyejiongezea Kiuno

Mungu alimjalia kaka yangu kushona, na akamjalia pia kujua kila kitu. Kushona kulimpa riziki. Kujua kila kitu nusura kumpe sanda, na nina hakika hata hiyo angetaka kuikata mwenyewe.

Figo zake zilipokufa, hospitali ilimwekea mpira mwembamba wa kupitishia maji tumboni. Anaingiza maji ya dawa yenye sukari, yanakaa saa kadhaa, kisha anayatoa yakiwa yamebeba uchafu wa damu na maji ya ziada mwilini. Kinachochuja ni utando mwembamba uliofunika matumbo. Mpango huo aliupenda kupita kiasi, maana aliufanyia katika chumba cha nyuma ya duka, cherehani ikimsubiri, wala hapangi foleni na wagonjwa. Yeye si mgonjwa, jamani. Yeye ni fundi mwenye mpira.

Sasa, mifuko ya dawa haina nguvu sawa. Ule wa sukari kali huvuta maji mengi, na nesi alimwonya autumie siku ya kuvimba tu. Profesa wetu akatafakari: kama mfuko unavuta hivyo, kwa nini ajinyime chai na soda? Anywe, kisha avute! Akaufanya wa kila siku. Sisi tunaomwogopa Mungu na manesi tukaonekana washamba.

Miaka ikapita, na maji yakaanza kutoka kiduchu. Kiuno kikatanuka. Mtu mwingine suruali ikimkataa hushtuka. Kaka yangu alifumua mshono wa nyuma, akatia kipande cha kitambaa, akapiga pasi, akaendelea na chai. Suruali zote alizipanua kwa ustadi hata mkewe asigundue.

"Wifi, mume wangu siku hizi ananawiri," akaniambia kwa maringo.

Kunawiri gani, mtu anahema kama kakimbizwa na mbwa, naye kaketi kitini? Nikamshika mkono kaka, tukaenda kliniki wote watatu.

Nesi alimbonyeza mguu, shimo likabaki. Wakampima utando: wakamjaza maji tumboni, wakawa wanachota kidogo kidogo na kuyapeleka maabara. Majibu yakaja, nesi akamsomea.

"Baba, utando wako umebadilika. Sukari inanyonywa upesi na kuingia mwilini, haibaki tumboni kuvuta maji."

"Basi nipeni mfuko mkali zaidi."

"Huo mkali ndio uliouchosha. Utando huchoka kwa miaka hata kwa mtu mwangalifu, ila wewe umeusukuma. Maji yameanza kupanda mapafuni. Uhamie kwenye mashine ya kusafisha damu, hapa hapa, wiki hii."

"Wiki hii haiwezekani. Nina sare za shule nzima. Nikimaliza nitakuja."

Wifi yangu, ambaye tangu aolewe sijamsikia akipandisha sauti, akasimama.

"Sare watashonewa na fundi mwingine. Mimi mume nitashonewa na nani?"

Kaka akanitazama mimi, eti nimtetee. Nikatazama dari, nikimwomba Mungu anizuie nisicheke wala nisilie.

"Mashine yenyewe inauma?" akauliza, safari hii kwa sauti ya mtu aliyeishiwa na uprofesa.

"Inauma kidogo," nesi akasema. "Kuzama kunauma zaidi."

"Haya. Niandikeni."

Kesho yake asubuhi wakamwekea mpira mwingine shingoni, wakamuunga na mashine. Hazikupita dakika nyingi, akawa anamweleza mzee wa kitanda jirani jinsi inavyofanya kazi. Mzee wa watu ana miaka na mashine hiyo. Kaka yangu kaiona asubuhi ile. Mzee akaitikia tu, "Kumbe! Kumbe!"

Mchana maneno yakapungua. Kuhema kukatulia, kifua kikawa kinapanda na kushuka taratibu. Katikati ya somo akapitiwa na usingizi, amelala chali kabisa, kitu ambacho kifua kilikuwa hakimruhusu tena, mdomo wazi.

Mimi na wifi tukashikana mikono. Tulimshukuru Mungu kwa pumzi ile na, atusamehe, kwa ule ukimya pia.