Kunyoosha Mkole kwa Makaa

Mume wangu alikuwa utingo wa malori mpaka siku mkono wake wa kulia ulipoumia. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sitini. Lori la simiti lilirudi nyuma kwenye mteremko karibu na Malaba, naye alikuwa ameinama akiweka gogo chini ya gurudumu. Hospitalini walimshona, akarudi nyumbani na vidole vitatu visivyokunjika.

Mimi nilitoka Butula, kwa watu wa Marachi, yeye ni Mteso. Tulipooana sikujua lugha yake wala yeye yangu, kwa hiyo nyumbani tulizungumza Kiswahili, chake cha barabarani na changu cha shule ya misheni. Baada ya ajali hata hicho kilipungua. Alikaa nje tangu chai ya asubuhi hadi jua kuzama, mkono mapajani, akijibu ndiyo au hapana.

Kabla ya malori alikuwa akitengeneza pinde, kazi aliyofundishwa na baba yake. Juu ya meko yangu kulikuwa bado na mti mmoja wa mkole alioanza kuuchonga, akaufunga kwenye paa ukaushwe na moshi. Siku moja akaja mkulima kutoka milima ya Amukura. Nyani walikuwa wanamaliza mahindi yake, akataka upinde. Mume wangu akamwonyesha mkono. Mkulima akasema pole, akanywa maji, akaenda zake.

Nilisikia yote nikiwa jikoni. Nikapanda juu ya kinu, nikafungua ule mti na kuuweka mbele yake.

"Niambie cha kufanya."

"Mwanamke hatengenezi upinde."

"Basi tengeneza wewe. Mimi nitakuwa mikono tu."

Akaomba uzi. Tukauvuta kutoka ncha hadi ncha, nao ukapita kando ya mahali pa kushikia, umeachana napo kwa upana wa kidole.

"Umepinda," alisema. "Mshale wa huu utaenda kwa jirani."

Miezi mingi sikuwa nimemsikia akitania.

Nilitandaza makaa. Hakutaka moto wa kuwaka, alisema ndimi zitaunguza nje na ndani mti ubaki baridi. Nikaupaka samli na kuanza kuuzungusha juu ya joto. Mama mkwe akatokea, akasimama. "Tangu niolewe hapa sijaona mwanamke ameshika hiyo kitu," alisema, akageuka akaondoka. Nilidhani ameenda kuwaita wazee. Akarudi na mkebe wa mafuta ya ng'ombe. "Hiyo samli yako ni kidogo," akasema, akaketi kutazama.

Mara ya kwanza niliharakisha. Niliubana mti kwenye panda ya mpera nikausukuma kabla haujaiva, nikasikia ukilia. Unyuzi mwembamba ulikuwa umenyanyuka ubavuni. Nilikaribia kulia mwenyewe. Mume wangu akaukwangua kwa kipande cha chupa, kwa mkono wa kushoto, polepole, mpaka pakawa laini.

"Ni juu juu tu. Rudisha kwa makaa."

Safari hii yeye ndiye aliyepima. Aliinama akakaribisha shavu lake kwenye mti, akasema bado, akasema tena bado, halafu akasema sasa. Nikasukuma, na mti ukakubali kama ngozi iliyolowa.

"Pitisha kidogo. Ukiachilia utarudi. Sasa shikilia hapo mpaka upoe."

Kupoa kulichukua muda. Mikono yangu ikaanza kuchoka, akaweka mkono wake mzima juu ya yangu. Tukiwa tumesimama hivyo, akaanza kuniambia habari za ule mteremko. Alimsikia dereva akipiga kelele, akadhani bado ana nafasi. Mpaka siku ile hakuwa amemwambia mtu.

"Nikalala kule hospitali nikiwaza utarudi kwenu Butula," alisema.

"Na nani atashika huu mti?"

Mama mkwe akainuka akaenda kuangalia mbuzi.

Tulipoachilia na kuvuta uzi tena, ulipita katikati.

Ilituchukua siku kumi kuuchonga, kuujaribu na kuufunga kamba ya ngozi. Tukampelekea habari yule mkulima, akaja, akalenga kichuguu kilichokuwa ng'ambo ya shamba letu la mtama. Mshale ukazama mpaka nusu. Akaugeuza upinde huku na huku akitafuta kasoro.

"Na huo mkono wako, mzee, umefanyaje?"

"Amenyoosha mama hapa," mume wangu akajibu. "Mimi nilikuwa naongea tu."

Mkulima akanitazama, akanipa mkono. Alipokwisha kuondoka, mume wangu akachukua panga kwa mkono wa kushoto, akaniambia anashuka mtoni kutafuta mkole mwingine, na kama sina kazi twende wote. Kazi nilikuwa nayo. Nikaifunika sufuria, tukaenda.