Diwani Aliyefunga Ukumbi wa Matanga

Huyu Asmahan binti Mkubwa ninayetaka kumwandika si mtu ninayempenda. Nasema mapema, msije mkadhani nimekaa hapa kutunga sifa. Lakini nilimjua tangu nywele zake zinasukwa mikia miwili, mama yake, Bi Sikuzani, anamburura asubuhi kumpeleka shule kutoka gorofa letu pale Ladywood, huku Uingereza, na mtu uliyemjua hivyo ni vigumu kumsingizia hata ukimchukia.

Baba yake, Mzee Mkubwa, alitoka Unguja. Akapata kazi kiwanda cha magari ya mizigo kule Washwood Heath, kazi ya kutia milango. Gari likifika mbele yake halina mlango, yeye na Singasinga mmoja, Gurvinder, wanautia, gari linakwenda zake, linakuja jingine. Siku kiwanda kilipofungwa Mkubwa alirudi nyumbani na glavu za kazi mfukoni, akakaa anazikunja na kuzikunjua hata chai yake ikapoa. Asmahan alikuwa chuoni wakati huo. Mwenyewe husema siasa yake ilianza na glavu zile. Alilisema hilo kila kampeni, mpaka Faisal kinyozi akawa anauliza mbele za watu, "Leo glavu zinaingia saa ngapi?"

Haki yake nampa. Alipomaliza chuo hakwenda kutafuta ofisi ya vioo. Alijiunga na chama cha wafanyakazi, akawa anawatetea wanawake wanaokwenda nyumba kwa nyumba kuwaogesha wazee na kuwalisha. Wengi wao ni Wakenya. Angeline, mama mmoja wa Kisii, alikuwa akipanda basi tatu kwa siku kutoka mgonjwa hadi mgonjwa, na muda wa njiani halipwi. Asmahan alipiga kelele hadi wakalipwa. Akaingia kwenye magorofa yetu, akapiga picha ukungu ulioota ukutani juu ya vitanda vya watoto, akawapelekea wakubwa. Waliokuwa na mali walimwita mchochezi. Sisi tulimwita mtoto wetu.

Basi alipogombea udiwani tulimbeba. Bi Iman, ambaye ndiye mkubwa wa kina mama wa Kiswahili upande wetu, alizunguka naye mlango kwa mlango, kanga kiunoni, anagonga. "Fungueni! Nimewaletea mwana wa Sikuzani!" Hata wazee ambao tangu waje Uingereza hawajapiga kura, mwaka ule walipiga.

Sasa nije kwenye ukumbi, maana bila ukumbi hadithi hii haina miguu.

Ulikuwa nyuma ya maduka, wa matofali mekundu, mali ya baraza la mji. Paa linavuja pembe ya kushoto, na ndani hauishi harufu ya pilau. Kabatini kulikuwa na mikeka yetu na masufuria makubwa yasiyokuwa ya mtu. Wakongomani walifanyia harusi, Wakenya walifanyia harambee zao, na sisi hasa tulifanyia matanga. Mtu akifa, mikeka inatandikwa, wanaume huku, wanawake kule, vitunguu vinamenywa, Qurani inasomwa. Mzee Mkubwa alipokufa tanga lake lilikaa mle. Asmahan alilia mle, kichwa kwenye mapaja ya Bi Iman.

Baraza likaishiwa. Likaamua kuuza majengo. Na siku ya kura, mkono wa Asmahan ulipanda juu pamoja na mikono ya wanaotaka ukumbi uuzwe.

Alikuja kutueleza, humo humo ukumbini. Alikuja na picha za kumulika ukutani, michoro ya duara iliyokatwa vipande kama pizza. Akasema ilikuwa ama uuzwe ukumbi, ama kifungwe kituo cha watoto walemavu, hakukuwa na njia ya tatu.

Bi Iman alimwacha amalize. Kisha akasema, "Mwanangu, mimi sikuuliza pizza. Nauliza, tutalilia wapi?"

"Msiba unaweza kukaa nyumbani, Bi Iman."

"Nyumbani kwangu? Gorofa ya kumi na moja, lifti mgonjwa kuliko mimi? Wazee niwavute kwa kamba?"

Watu walicheka, lakini hakikuwa kicheko cha heri. Toka siku hiyo Asmahan akawa hana jina, akawa "Mheshimiwa," tena linasemwa kwa kuvuta midomo. Akipita sokoni anasalimia, "Shikamoo, Bi Iman," na Bi Iman anageukia ndizi, anazibonyeza. Shikamoo ya mtoto isipoitikiwa, mtoto huyo amefukuzwa pasipo neno. Naye akaacha kuja. Wafiwa wa kwetu walikuwa wakipata kadi ya pole kutoka ofisini kwake, ina nembo. Tena akamchukua mama yake, Bi Sikuzani, aliyekuwa anaumwa, akahamia naye Great Barr, mtaa wa mbali na kwetu. Tukasema, kakimbia.

Bi Sikuzani akafariki asubuhi moja ya baridi.

Hapo Asmahan akafanya kosa ambalo Mzungu hawezi kulifanya, kwa sababu kwake lisingekuwa kosa. Aliandika kwenye kundi la simu la kina mama: "Mama yangu ametutoka. Naomba dua zenu. Tafadhali msijisumbue kuja wala kupika, nyumba ni ndogo."

Mimi nadhani aliogopa. Alijua angekaa anautazama mlango usiobishwa, akaona afadhali aufunge mwenyewe. Lakini kwetu msibani mtu haalikwi, na kwa hiyo hawezi kuzuiwa. Hata adui anakuja, anatoa mkono, anakaa kimya chake. Ukiwaambia watu wasije umewaambia si watu.

"Tumefukuzwa msibani!" Bi Iman alisema, simu iko mkononi. "Kauza pa kulilia, sasa kauza na kilio. Haya. Asiende mtu. Amzike na baraza lake."

Na hakwenda mtu. Mchana wote nyumba ile ya Great Barr iliingia watu wawili tu: Gurvinder, ambaye kumbe anakaa nyumba ya pili yake, na Angeline.

Haya yanayofuata nilisimuliwa na Angeline mwenyewe. Alimkuta Asmahan kasimama jikoni na sanda ya mama yake kwenye mfuko wa nailoni. Akasema kesho ataingia chumba cha kuoshea maiti pale msikitini, amwoshe mama yake mwenyewe.

"Wewe na nani?"

"Mimi."

"Umewahi kuosha?"

"Sijawahi."

Angeline akapanda basi hadi Ladywood, akapanda ngazi hadi gorofa ya kumi na moja kwa Bi Iman. Hakukaa hata alipopewa kiti. "Mama Iman, mimi ni Mkristo. Ningejua venye mnaoshanga watu wenu ningeingia nimsaidie. Sijui. Huyo msichana ataingia huko peke yake na hajui kitu. Mkasirikie, sawa. Lakini Sikuzani alikukosea nini?"

"Mheshimiwa ndiye aliyekutuma?"

"Hajui niko hapa."

Sikuzani alikuwa amemsuka Bi Iman nywele, amemwuguza, amemlilia mumewe alipokufa. Bi Iman akaenda chumbani, akarudi na kikasha cha kafuri na udi.

Asubuhi wakaingia chumba cha kuoshea, Bi Iman na wanawake wengine watatu. Asmahan alikuwa kasimama pembeni ya maiti, mikono imemlowa hadi viwiko, hajui aanzie wapi.

"Shikamoo, Bi Iman."

"Hatukuja kwako," Bi Iman akasema. "Mshike mama yako kichwa. Taratibu. Huyo si bango la kampeni."

Wakamwosha vizuri. Tukamswalia, tukamzika, na wanaume walikuja wengi, nikiwamo. Tulimpita diwani kama nguzo.

Ikabaki tanga. Sebule ya Great Barr inachukua watu kumi, nao waliokuja wamejaa hadi njiani. Nani alituokoa? Yule Gurvinder, mtia milango mwenzake Mkubwa. Alifungua banda lake la gari, akalitoa gari, akafagia. Basi mama yake diwani alisomewa hitima katikati ya ngazi na mashine ya kukatia nyasi, mvua inapiga bati, wanawake wamebanana hata kisu cha vitunguu hakina nafasi ya kushuka. Faisal akanong'ona, "Ukumbi mpya wa baraza huu," na kwa mara ya kwanza hakucheka mtu.

Asmahan akasimama mbele ya watu. "Nilikosea kuwaambia msije. Nisameheni."

"Hilo limepita," Bi Iman akasema. "Mimi nauliza jingine. Kura ile ingekuwa leo, leo hii ulivyokaa na mama yako hana pa kuliliwa, mkono wako ungeuweka wapi?"

Banda zima likatega sikio. Angeweza kusema uongo mdogo. Mei uchaguzi ulikuwa unakuja, na kura zake zote zilikuwa zimekaa mbele yake juu ya mikeka.

"Pale pale," akasema. "Wale watoto hawana banda la kuazima."

Mtu akasonya. Bi Iman akavuta sufuria. "Basi tusikilizane. Mama yako tumekuzikia. Kura hatukupi."

"Sawa, Bi Iman."

Na hatukumpa. Mei alianguka, akaingia kijana mmoja mwenye tabasamu jingi ambaye mpaka leo hatujamwona mitaani kwetu. Ukumbi haukurudi. Wamejenga flati pale.

Miezi michache baadaye akafa jirani yetu mmoja, matanga tukayapanga kwenye duka tupu tuliloazimwa na Faisal. Asmahan alikuja kwa basi, na mikeka miwili ya mama yake begani. Akainama mlangoni. "Shikamoo, Bi Iman."

Bi Iman hakuinua macho kwenye ubao wa kukatia. "Marahaba. Vitunguu vile pale, na kisu ni kibutu."

Akakaa akamenya. Mimi ukumbi wangu sijamsamehe, nikiona tu paa za zile flati roho inanikereka. Lakini nilimsogezea gunia la vitunguu, kwa kuwa lilikuwa mbali naye.