Wivu ulivyonifanya fundi wa laptop ya mke wangu

Wakuu, salamu kutoka Kisangani. Kiswahili chetu cha huku mnakijua, mtanivumilia. Ninayoandika yamenitokea mimi mwenyewe, na mke wangu akiuona huu uzi najua nitalala sebuleni.

Mama Grâce, mke wangu, ni mwalimu na bado anasoma. Laptop yake ilianza kugoma. Unaiwasha, unaenda kuoga, unarudi, bado haijamaliza kuwaka. Na humo ndani kuna mémoire yake yote, ile tasnifu ya chuo, siku ya kuitetea mbele ya maprofesa inakaribia.

Akaipeleka kwa Héritier, fundi wa karibu na soko. Kijana mrefu, shati limepigwa pasi. Sikumpenda kabla hajafungua mdomo. Akasema hard disk inakufa, iwekwe SSD mpya na vitu vyote vihamishwe.

Sasa kwetu huku huachi machine kwa fundi ukaenda zako. Utarudi ukute RAM imepungua! Mwenye machine anakaa pale kwenye kiti, macho kwenye mikono ya fundi, mpaka skrubu ya mwisho irudi. Na courant, huu umeme wetu, ikikatika, kazi inalala.

Maana yake mke wangu alikuwa anashinda na Héritier.

Siku ya kwanza nikavumilia. Ya pili akarudi anaimba. ANAIMBA, wakuu. Kwangu haimbi.

Kesho yake nikapanda toleka, nikamhimiza mwenye baiskeli akanyage pedali. Nikamkuta mke wangu kavua viatu, kanyoosha miguu, anatafuna karanga na kutabasamu peke yake.

"Leteni machine," nikasema. "Disque nitabadilisha mwenyewe."

Héritier akatoa earphone sikioni. "Papa, copie haiyaisha. Utaharibisha kazi ya mama."

Hapa kwetu kila mwanamke ni mama, najua. Siku ile ilinichoma.

Nyumbani nikafungua YouTube, nikafungua laptop. Ile SSD mpya tuliyonunua ikaingia vizuri. Nikawasha: giza. Hamna Windows, hamna kitu. Nikataka kurudisha ile ya zamani haraka kabla mwenyewe hajaona, ikaniponyoka, ikapiga sakafu ya sima. Kuichomeka tena, ikawa inalia ka, ka, ka.

Mama Grâce hakunipigia kelele. Alisimama mlangoni akalia kimya kimya. Bora angenitukana.

Asubuhi akanipa mfuko wenye laptop na disque zote mbili. "Leo njo weye utaikala pale. Miye niko na kazi."

Nikakaa. Nilienda kutafuta ushahidi, siwafichi. Wakuu, yule kijana haongei! Earphone masikioni kutwa, ukimwuliza kitu anajibu "Bon," anaendelea. Nilichoka mpaka mgongo ukauma. Akaokoa karibu mémoire yote, isipokuwa sura ya mwisho.

Jioni nikamwuliza mke wangu: "Alors, kule kitu gani ilikuwa inakufurahisha?"

"Kuikala tu, Papa Grâce. Hapa nyumba kila saa ni maji, ni moto, ni mutoto, ni weye. Kule hakuna mutu alikuwa ananiita."

Nikajaribu kukumbuka lini nilimwona ameketi hapa nyumbani. Nikakosa.

Siku hizi anaandika upya ile sura, pondu, yale majani ya muhogo, napika mimi. Watoto wanalalamika, lakini wanakula.

Funzo: usifungue laptop ukiwa na hasira, na copy iishe kwanza. Lingine nadhani mmelielewa.

Wivu wenyewe haujaisha. Juzi kasema simu yake haishiki charge, anataka kuipeleka kwa Héritier. Moyo ukaruka. Nikamwambia aende, na asiharakishe kurudi.

Wenye ndoa, hebu semeni ukweli: wake zenu mnawaona wameketi saa ngapi?