Pondu ya Mtu Anayerudi

Mume wangu alikwenda Uingereza na kikundi cha baiskeli cha kazini kwake, kiwandani Mobeni. Wangevuka kwa feri, waendeshe baiskeli Ufaransa siku tatu, kisha warudi. Nilibaki mtaani kwetu Albert Park na mtoto mchanga na hasira, maana jengo letu zima la Wakongomani lilishaamua kwamba Mkongomani akikanyaga Ufaransa harudi.

Siku aliyopaswa kupanda feri ya kurudi, akina mama wa kikundi cha maombi walikuja na pondu, kisamvu cha kwetu, na soda, wakipiga vigelegele mlangoni kwangu.

"Mama, Mungu amefungua njia! Hivi karibuni atakuita na wewe huko."

Niliwaambia ameenda kutembea tu. Wakacheka. Lakini tangu asubuhi simu yake ilikuwa haipatikani, na nilizunguka chumba na mtoto mgongoni, siwezi kukaa.

Simu ikalia. Nikaweka spika.

"Niko kwa feri," alisema. "Tunarudi Uingereza. Miguu imekufa."

Kiongozi wao, sahani ya pondu mkononi, akauliza, "Anarudi? Huyu iko na akili kweli?"

Nikamnyang'anya sahani. Nikamwambia pondu hiyo ni ya mtu anayerudi, nikaifunika.