Nyuki Wamekuja, Maboga Hayashiki

Mwaka wa 1948, Kokuberwa wa kule Ijumbi alipanda mbegu za maboga alizoachiwa na marehemu mama yake, akazipanda zote mpaka kibuyu kikabaki kitupu. Kijijini hapakuwa na mwingine mwenye boga lile la ganda la kijivu. Lisiposhika mwaka huo, ndiyo basi tena.

Nalo halikushika. Kila kitoto cha boga kilichotokea nyuma ya ua lake kiligeuka njano, kikaoza, kikaanguka.

"Huna nyuki," jirani yake, mzee Mwijage mwenye mizinga, alimwambia. "Kwako kumefagiliwa kama kanisani. Nyuki aje kufanya nini, kusali?"

Basi Kokuberwa akaacha kufyeka. Akapanda alizeti na mrehani mbele ya nyumba, akaacha mchicha uchanue, akaweka maji kwenye kigae chenye vijiwe ili nyuki watue wasizame. Wapita njia wakaulizana mama huyu amepatwa na nini. Nyuki wakaja, tena kwa wingi.

Maboga yakaendelea kuoza.

Hapo akavurugikiwa kweli. Aligeuza majani, akanusa udongo, hata akajiuliza kama nyuki wa Mwijage hawalijui boga la kijivu. Mwishowe akamwita mzee aje ajionee.

Mwijage alimkuta ameinama, kisu mkononi.

"Unakata nini, Ma Kokuberwa?"

"Haya maua yasiyo na kitoto, Ta Mwijage. Yanakula nguvu bure. Mgomba si tunaukata lile ua la chini ya mkungu, ndizi zinenepe?"

Mzee akakaa chini, akacheka mpaka akashika ubavu. "Hayo ndiyo madume, mama. Nyuki huchukua unga wake akaupeleka kwenye yenye kitoto. Umealika wageni, ukaficha chakula."

"Mbona ndizi haitaki nyuki?"

"Ndizi ni ndizi."

"Sasa nifanyeje?"

"Usifanye kitu."

Hilo likamwia gumu kuliko kulima. Kila asubuhi alikaa mlangoni, mikono ameikalia, akimtazama nyuki akitoka ua hili na kuingia lile, asielewe.

Siku ya nane kitoto kimoja kilikuwa kijani, kikubwa kama ngumi, kimeshikilia shina. Boga moja lina mbegu za kutosha. Akalitandikia nyasi kavu, kisha akaenda mbiombio kwa Mwijage.

"Limeshika," alisema. Akasita kidogo. "Na kahawa je, nayo ina madume?"