Matundu ya Madishi

Dari la jirani yetu Mzanzibari liliangukia kitanda chake siku ya mvua kubwa akiwa kazini, na jioni ileile alituletea maandazi.

Mvua ni adimu Doha, kwa hiyo hakuna aliyelifikiria paa. Kila chumba cha jengo letu la Al Sadd kilikuwa kimetoboa lami ya paa huko juu kufunga dishi, tupate habari na mpira wa nyumbani. Letu, la sisi Wakenya, lilikuwa kati ya yaliyosimama juu ya chumba chake.

“Kwenu hakukuvuja, wanangu?”

“Hakukuvuja, mama.”

“Alhamdulillahi. Kuleni basi.”

Tulikula tukitazama sakafu.

Mwenye nyumba alisema aliyetoboa tundu lililovuja ndiye atakayetengeneza dari. Kesho yake fundi alituita juu. “Nani katoboa hapa?” Kila mtu akatazama dishi la mwenzake. Mganda mmoja akasema, “Labda njiwa.” Tukacheka, mpaka nilipomwona mama yule kwenye ngazi, amekumbatia mto uliolowa, akisubiri jibu.

Fundi akaziba matundu yote kwa lami bila kupima lipi lilivuja. Mama alihamia Al Wakrah kwa binamu yake, dari likiwa bado wazi, na tundu lililopitisha maji halijajulikana.